Kutangaza Biashara kwa Simu Bila Kulipia

Mwezi huu tujifunze jambo la sokoni. Mama mmoja mshonaji alitujia akitaka kukopa fedha alipie matangazo ya simu. Tulimwomba asubiri, kwa maana cherehani yenyewe ilikuwa ingali ya mkopo.

WhatsApp Business ni programu ya bure, iliyotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Ndani yake huandikwa saa za kazi, mahali duka lilipo, na orodha ya bidhaa pamoja na picha. Bei nayo iandikwe. Wengi huificha, na mnunuzi akichoka kuuliza huenda kwingine.

Picha ikiwekwa kwenye "status" hukaa saa 24, kisha hutoweka. Lakini angalieni sana: huonwa na mtu ambaye mmehifadhi namba yake, naye amehifadhi yenu. Vivyo hivyo ujumbe mmoja unaotumwa kwa orodha ya watu, hadi 256: asiyehifadhi namba yenu haumfikii. Mama yule alikuwa na majina tele daftarini, lakini ni wateja wachache waliokuwa na namba yake simuni. Tukamshauri, kila anapokabidhi nguo, amwombe mteja aihifadhi papo hapo, kabla hajavuka kizingiti.

Makundi ya misiba yasitiwe matangazo. Sisi wenyewe tumepata kuudhika. Picha zipigwe mchana, karibu na dirisha, nguo ikiwa imevaliwa.

Mkopo hakuuchukua. Ameanza na wateja wa sare za shule.