SOMO: KUHAMISHA WARIDI LA JANGWANI

Ndugu wanakikundi wa Lodwar na Kakuma,

Mmea huu tunaujua: shina nene kama chupa, na maua mekundu hata majani yakiwa yamepukutika. Shina hilo ndilo ghala lake la maji. Basi tukiuhamisha vibaya, hauuawi na jua, unaozeshwa na maji.

Lini? Wakati wa joto, majani mapya yanapoanza kuchipua. Mizizi ikitokea chini au chombo kikipasuka, msingoje zaidi.

Vipi?
1. Acheni kumwagilia siku chache, udongo ukauke.
2. Lazeni chombo, mgonge kando taratibu. Msivute shina.
3. Kateni mizizi iliyooza kwa kisu safi. Wekeni mmea kivulini juma moja, vidonda vikauke.
4. Chombo kipya kizidi cha kwanza kidogo tu. Karai kuukuu lafaa, litobolewe chini. Changanyeni mchanga wa laga sehemu mbili na samadi ya mbuzi iliyooza sehemu moja.
5. Pandeni, kisha ngojeni juma moja ndipo mmwagilie.

Tahadhari! Utomvu wake ni sumu, wawindaji waliupaka mishale. Naweni mikono, na matawi yaliyokatwa yasifikiwe na watoto wala mbuzi.

Tena, tusing'oe ya porini ili kuuza. Shina kubwa ni kazi ya miaka mingi. Tuoteshe mbegu.

Tujadiliane: Miche yetu iliyokufa, ilikosa maji au ilizidishiwa?