Perpetua na Felisita: Mtoto Aliachiwa Nani?
Leo tujifunze juu ya Watakatifu Perpetua na Felisita, waliouawa Karthago, katika Tunisia ya leo, mwaka 203. Perpetua, mama wa miaka 22 hivi mwenye mtoto wa kunyonya, aliandika mwenyewe mambo ya gerezani: giza, joto, baba yake akimsihi aikane imani. Felisita, mtumwa, alijifungua binti mle mle gerezani. Dada mmoja Mkristo akamchukua, akamlea kama wake. Jina la dada huyo halikuandikwa, lakini sisi twaona kazi yake ndio mwethya wenyewe. Sasa jadilianeni: mama wa kikundi chenu akifariki, watoto wanaenda kwa nani? Je, mmeshaandika kwenye daftari?