Chaja Hupiga Hodi: Namna Kipakatalishi Kinavyoitambua Chaja Yake

Kipakatalishi, au laptopu kama wengi wanavyokiita, kinaweza kuchomekwa chaja, kikawaka vizuri kabisa, na bado betri isipande hata asilimia moja. Mwenye mashine hudhani betri imekufa. Akiambiwa kwamba bodi kuu imeungua, hujiandaa kutoa maelfu ya shilingi. Lakini yapo maradhi madogo yenye dalili hizohizo, na mojawapo ni kwamba mashine na chaja hazielewani. Makala haya yanaeleza mazungumzo yanayopita kati ya vifaa hivi viwili, na jinsi mkazi anavyoweza kuyatumia kuokoa fedha zake na kulinda nyumba yake.

Soketi haiulizi

Kwa mujibu wa historia ya kampuni ya Kenya Power, umeme wa kisiwa cha Mombasa ulianzia Zanzibar. Mwaka 1875 Sultani Sayyid Barghash alipata jenereta ya kuangaza kasri lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliichukua jenereta hiyo, na hapo ikazaliwa kampuni ya kuusambazia umeme mji huu.

Taa za zama hizo zilipokea umeme kama ulivyokuja. Soketi ya ukutani ingali na tabia hiyo hadi leo. Hutoa volti 240 kwa pasi, kwa friji na kwa feni bila kuuliza nani amechomeka nini.

Kipakatalishi hakiwezi kuupokea umeme huo moja kwa moja. Umeme wa ukutani hugeuza mwelekeo wake mara nyingi kila sekunde, na nguvu yake ni kubwa mno. Betri hutaka umeme wa mwelekeo mmoja, na mashine nyingi hutaka volti 19 hadi 20 hivi. Kazi ya kwanza ya chaja, basi, ni kupunguza na kunyoosha umeme. Kazi ya pili haionekani kwa macho: chaja nyingi hujitambulisha kwa mashine.

Kwa nini mashine itake kujua

Kila chaja ina uwezo wake, nao hupimwa kwa wati. Hesabu yake ni rahisi: volti mara ampea. Chaja iliyoandikwa volti 19.5 na ampea 3.34 ina uwezo wa wati 65. Kipakatalishi chepesi cha ofisini huridhika na wati 45 au 65. Mashine ya kuchora ramani za majengo au kuhariri video yaweza kutaka 130 au zaidi.

Chaja ndogo ikitwikwa mzigo mkubwa huwa kama hamali wa Marikiti aliyebebeshwa magunia mawili ilhali nguvu zake ni za gunia moja. Atajikokota hatua chache, kisha aanguke. Chaja nayo hupata moto, hujizima, au huungua. Ndiyo maana waundaji wa vipakatalishi walitafuta njia ya mashine kujua uwezo wa chaja kabla ya kuitwika mzigo.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Chaja yenye wati nyingi kuliko inavyotaka mashine haiunguzi mashine hiyo. Mashine huvuta kiasi inachohitaji tu. Kinachounguza ni volti zisizofaa. Kwa chaja za plagi ya mviringo, volti lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya mashine, na wati zisipungue.

Lugha tatu za chaja

Chaja zinazopatikana katika maduka na kwa mafundi wa kisiwani hujitambulisha kwa namna tofauti.

Ya kwanza ni chaja isiyosema chochote. Plagi yake ni ya mviringo na ina njia mbili tu, ya umeme kuingia na ya kurudi. Mashine hupima volti zilizofika, basi. Usalama wote umo mikononi mwa anayenunua.

Ya pili ni chaja yenye njia ya tatu. Chaja nyingi za Dell za plagi ya mviringo zina pini nyembamba katikati, na ndani ya chaja mna chipu ndogo iliyoandikwa wati, volti na ampea zake. Mashine huisoma chipu hiyo kupitia waya mmoja mwembamba. HP nao hutumia pini ya katikati, lakini ishara yao ni nyingine. Chaja za Lenovo za plagi ya mstatili hutumia kizuizi cha umeme: mashine hupima ukubwa wa kizuizi hicho na kujua ni chaja ya wati ngapi. Apple walipoleta plagi ya sumaku mwaka 2006, pini yake ya katikati ilifanya kazi ya mazungumzo, na taa ndogo ya plagi ikawa inaamriwa na mashine kubadilika rangi.

Kwa hiyo kufanana kwa umbo hakutoshi. Zipo chaja za HP ambazo plagi yake huingia barabara katika tundu la Dell. Mashine ikiwaka, hutoa ujumbe wa Kiingereza kwamba aina ya chaja haikuweza kutambuliwa. Kisha hujilinda: hupunguza kasi ya kazi na kukataa kujaza betri. Haijafa. Imesikia lugha isiyoijua.

Ujumbe huo huweza kutokea hata kwa chaja halisi, ikiwa ile pini ya katikati imepinda au waya wake mwembamba umekatika ndani ya ngozi ya plastiki. Waya mnene wa umeme ukiwa mzima, mashine itawaka. Waya mwembamba wa mazungumzo ukikatika, betri haitajaa.

Hodi na karibu za USB-C

Lugha ya tatu ni ya USB-C, plagi ndogo isiyokuwa na juu wala chini, ambayo sasa hutumika kwa simu na kwa vipakatalishi. Mazungumzo yake yanafanana na adabu ya mlangoni hapa Mji wa Kale, ambapo mgeni hasukumi mlango akaingia. Hupiga hodi na kungoja.

Chaja ya USB-C inapochomekwa, kwanza haimwagi umeme. Husikiliza kwenye njia maalumu ya mazungumzo. Kipakatalishi kina kizuizi kidogo kwenye njia hiyo, na kuwepo kwake ndiko kusema "karibu". Chaja ikiipata ishara hiyo hutoa volti 5 tu, kiasi kisichodhuru. Kisha hutaja ilichobeba: volti 5, 9, 15 au 20, na ampea za kila kimoja. Kipakatalishi huchagua, chaja hukubali, hupandisha volti, na kutangaza kuwa iko tayari. Yote haya humalizika kabla mtu hajakaa vizuri kwenye kiti.

Waya nao una neno lake. Waya wa kawaida wa USB-C huruhusiwa ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Ili kupitisha ampea 5, waya lazima uwe na chipu yake inayosema kwamba unaweza. Mtu aliyenunua chaja ya wati 100 kisha akatumia waya wa simu atapata wati 60, na ataulaumu mzigo usiokuwa na kosa. Tangu mwaka 2021 kanuni za USB-C zinaruhusu hadi wati 240, kwa chaja, waya na mashine zilizoundwa kwa kiwango hicho.

Chaja ya simu ya zamani inayojua volti 5 peke yake haitaunguza kipakatalishi. Mashine huikataa, au huijaza betri polepole mno.

Lugha hii ndiyo inayoelekea kuzishinda nyingine. Umoja wa Ulaya umeifanya kuwa ya lazima kwa simu mpya zinazouzwa huko kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na kwa vipakatalishi kuanzia tarehe 28 Aprili 2026. Kwa kuwa vipakatalishi vingi vya mitumba hutoka ng'ambo, mabadiliko hayo yatafika Mombasa pia.

Kabla ya kutoa fedha

Mteja akisema, "Fundi, mashine yangu haijai chaji," fundi mwema huuliza kwanza, "Chaja umekuja nayo?" Swali hilo lina thamani. Kabla ya kununua betri au kukubali bodi kuu ifunguliwe, mkazi anashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Kusoma maandishi ya chaja na yale ya chini ya mashine, na kulinganisha volti na wati.

2. Kusoma ujumbe wowote unaotokea mashine inapowashwa. Ukitaja chaja, uchunguzi uanzie kwenye chaja.

3. Kwa mashine nyingi za Dell, kubonyeza F2 mara tu inapowashwa. Sehemu ya betri huonyesha wati za chaja iliyochomekwa. Ikiandika kwamba haijulikani, mazungumzo yamekatika.

4. Kuazima chaja halisi ya aina ileile na kuijaribu. Betri ikianza kupanda, shida imepatikana. Kwa USB-C, abadilishe na waya pia.

5. Kutazama tundu la chaja kwa tochi. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na shaba hushika kutu ya kijani. Usafishaji ufanywe na fundi, mashine ikiwa imezimwa.

Majaribio hayo yakishindwa ndipo betri au bodi kuu ishukiwe. Na fundi akitoa hukumu, mteja ana haki ya kuuliza amepima nini.

Chaja inayosema uongo

Mazungumzo haya yana udhaifu mmoja mkubwa: mashine huamini inachoambiwa. Chipu ya utambulisho huweza kunakiliwa. Chaja bandia yaweza kusema ina wati 90 ilhali matumbo yake hayastahimili hata nusu yake. Kipakatalishi kitavuta kwa kuamini neno hilo, na chaja itachemka. Ndani ya chaja nzuri mna fyuzi, na upande wa volti 240 umetengwa vyema na upande wa volti 20. Anayetengeneza bandia hupunguza gharama hapo hapo, pasipoonekana. Hitilafu ikitokea, umeme wa ukutani waweza kufika kwenye mashine na kwenye mikono ya anayeitumia.

Katika Mji wa Kale hatari hiyo ina uzito wa pekee. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, nyingi zina dari za boriti, ngazi na roshani za mbao, na vichochoro vyake ni vyembamba kwa gari la zimamoto. Moto wa chumba kimoja haukai kuwa wa chumba kimoja. Chaja isiwekwe juu ya godoro, mto au chini ya nguo. Iwe mahali pakavu penye hewa. Inayonuka, inayolia au isiyoshikika kwa joto ichomolewe na isitumike tena. Stima ikikatika, ni vyema kuchomoa chaja na kungoja umeme urudi na kutulia. Moto wa umeme ukizuka, swichi kuu izimwe kama inafikika, maji yasimwagwe kwenye umeme, watu watoke, na msaada uitwe kwa namba 999 au 112.

Haki ya mnunuzi

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na haki ya kupewa maelezo ya kumwezesha kuzitumia. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 imeitilia nguvu haki hiyo, na Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 imeharamisha biashara ya bidhaa bandia. Viwango vya ubora husimamiwa na KEBS, ambayo bidhaa zinazoagizwa kutoka nje hubandikwa stika yake. Serikali za kaunti, kwa mujibu wa Katiba, hushughulikia leseni za biashara, uadilifu wa biashara, huduma za zimamoto na uzoaji wa taka.

Mnunuzi atafute stika ya KEBS, ashuku chaja nyepesi mno au yenye maandishi yaliyokosewa, aijaribu kwenye mashine yake kabla ya kuondoka dukani, na adai risiti. Bila risiti, malalamiko huwa magumu kuthibitishwa. Chaja na betri zilizokufa zisichomwe wala kutupwa pamoja na maganda ya jikoni, kwani betri ya kipakatalishi ikitobolewa au kupondwa huweza kuwaka yenyewe. Zipelekwe kwa wanaopokea taka za kielektroniki, au mkazi aulize katika ofisi ya wadi yake.

Chaja halisi ina bei, na si kila nyumba inaweza kuimudu kwa siku moja. Lakini mwenye mashine anapojua kwamba chaja yake inatakiwa kuzungumza, hahitaji kununua betri kwa kubahatisha, wala kulaza ndani ya nyumba kifaa asichokiamini.