SOMO: KUTU NYEUPE YA NDEGE

Kutu ya jembe ni nyekundu. Je, umewahi kuona kutu nyeupe?

Mwaka 1946, kampuni ya Cessna huko Wichita, Marekani, ilianza kuuza ndege ndogo ya watu 2, Cessna 140. Bodi yake ni mabati membamba ya alumini, ile ya sufuria, iliyochanganywa na shaba kidogo ili iwe ngumu. Lakini shaba hiyo hufanya alumini iliwe upesi na unyevu. Hutoa unga mweupe, nao hujificha pale mabati mawili yanapokutana. Kwa nje rangi inang'aa, kumbe ndani bati limekwisha!

Baadhi ya ndege hizo zinaruka hadi leo. Mafundi huzitengeneza hivi:

1. Huondoa rangi na kukagua bati lote. Hawasugui kwa brashi ya chuma, maana chembe za chuma zikibaki huzidisha kutu.

2. Hutoboa ribiti kwa keekee na kutoa bati bovu. Hulitumia kama kipimo cha bati jipya, la aina na unene ule ule.

3. Hupaka rangi ya kinga ndani na nje kabla ya kupiga ribiti.

4. Mlango hujaribiwa kwanza kwenye bawaba. Ukifunga sawasawa, ndipo hupigwa ribiti.

Baiskeli ikiharibika, utaikokota. Ndege ikivunjika angani, je?

MASWALI
1. Kutu ya alumini ina rangi gani?
2. Kwa nini brashi ya chuma haifai?