Kupima Masalia ya Viuatilifu Bila Kumwaga Sumu Nyingine

Lori la kabichi linaposhuka kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, likielekea Kariakoo, hakuna jicho linaloweza kutambua kama majani yale yamebaki na dawa ya wadudu. Maabara ndiyo inayoweza. Nayo haiwezi kuipima dawa ikiwa bado imejificha ndani ya jani. Lazima kwanza ivutwe itoke, na kazi hiyo hufanywa na kimiminika kiitwacho kiyeyushi. Viyeyushi vingi vilivyozoeleka navyo ni sumu. Yafuatayo ni maswali ambayo mlaji, mkulima au mwanafunzi anaweza kuwa nayo kuhusu viyeyushi vya kijani, yaani vilivyo rafiki kwa afya na mazingira.

Kiyeyushi kinafanyaje kazi?

Anayechemsha chai ya Usambara tayari anakitumia: maji ya moto huvuta rangi, kafeini na ladha kutoka kwenye majani. Lakini maji hayavuti kila kitu. Viuatilifu vingi hupenda mafuta kuliko maji, na ndiyo sababu kuosha mboga hupunguza dawa bila kuimaliza. Kwa hiyo maabara hutafuta kimiminika kinachoendana na kile kinachotafutwa.

Ubaya wa viyeyushi vya zamani ni upi?

Heksani, inayotokana na mafuta ya petroli, huharibu neva za mikono na miguu ya mtu anayevuta mvuke wake kwa muda mrefu. Methanoli hupofusha na huua. Asetonitrili ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa sianidi. Anayeumia kwanza ni fundi wa maabara, kijana aliyeajiriwa kutulinda sisi walaji. Baada yake ni maji. Mabaki ya vimiminika hivi yanatakiwa kukusanywa na kuteketezwa kwenye tanuri maalumu. Pasipo na utaratibu huo, njia rahisi ni sinki. Kwa watu wa Tanga jambo hili si la mbali. Mto Zigi unatoka kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki, na kujaza bwawa la Mabayani ambalo maji yake hunywewa na wakazi wa Jiji la Tanga.

Kwa hiyo "kijani" ina maana gani hasa?

Mwaka 1998 wanakemia wa Marekani, Paul Anastas na John Warner, waliandika kanuni 12 za kemia ya kijani. Ya kwanza inasema ni heri kuzuia taka kuliko kuisafisha baadaye. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayobeba zote, maana hata kiyeyushi kibaya kikitumika kidogo, madhara yake hupungua sana.

Mfano mzuri ni njia ya QuEChERS, iliyotangazwa mwaka 2003 na sasa kutumika duniani kote kupima masalia ya viuatilifu. Kabla yake, sampuli moja ya mboga iliweza kumaliza mamia ya mililita za kiyeyushi. Kwa njia hii, gramu 10 za kabichi iliyosagwa hutikiswa na mililita 10 tu za asetonitrili, kisha huongezwa gramu 4 za magnesiamu salfeti na gramu 1 ya chumvi ya kawaida ili maji yajitenge. Bado ni asetonitrili, lakini ni mililita 10.

Tuna nini hapa kwetu?

Tunacho kingi, na kuna sababu ya kukithamini. Mwaka 2008 na 2009 asetonitrili iliadimika duniani na bei yake ikapaa, kwa kuwa hupatikana kama zao la pembeni la viwanda vya malighafi za plastiki. Viwanda hivyo vilipopunguza uzalishaji, maabara zikakwama.

Ethanoli, kwa upande wake, hutengenezwa kwa molasi ya miwa, na Tanzania ina viwanda vya sukari. Kwa chai, kipimo cha kimataifa cha polifenoli, yaani kemikali asilia za majani yake, huagiza methanoli ya asilimia 70 yenye joto la nyuzi 70. Ethanoli iliyochanganywa na maji nayo huvuta polifenoli vizuri, ingawa kabla ya kubadilisha, maabara lazima ilinganishe majibu. Muheza nako kuna machungwa, na maganda yake yana limonini, mafuta yanayoweza kushika nafasi ya heksani katika kuvuta mafuta ya chakula. Lakini tusikipambe kitu kupita kiasi: limonini huchemka kwenye nyuzi 176 hivi, heksani kwenye 69, kwa hiyo kuivukiza kunakula nishati zaidi.

Kwa sumukuvu ya mahindi, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, vipo vipimo vya ukanda ambavyo unga huvutwa kwa maji badala ya methanoli. Mitambo inayotumia kaboni dioksidi iliyogandamizwa kama kiyeyushi, ambayo ingefaa sana kwa iliki na pilipili manga za Amani, ni ghali mno kwa maabara ndogo.

Matokeo ya viyeyushi vya kijani yanaaminika?

Yanaaminika yakithibitishwa. Mtaalamu huchukua kabichi isiyo na dawa, akaitia kiasi cha dawa anachokijua, kisha akaivuta na kupima. Mwongozo wa Ulaya unataka kipatikane kati ya asilimia 70 na 120 ya alichotia. Kiyeyushi kinachoshindwa mtihani huo hakifai, hata kiwe safi namna gani, kwa sababu kitamwambia mlaji kuwa kabichi ni salama wakati sivyo.

Naweza kutumia kiyeyushi cha kijani nyumbani?

Hapana. Ethanoli ya maabara hushika moto upesi, na spiriti ya viwandani huweza kuwa na methanoli. Usiinywe, wala usioshee mboga.

Nani anahusika?

Viuatilifu vinasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao makuu Arusha. Usalama wa chakula, tangu 2019, uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Mkulima azingatie siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo kati ya kupiga dawa na kuvuna, kwani hakuna maabara inayoweza kuiondoa dawa iliyokwisha kupelekwa sokoni. Na yeyote anayepeleka sampuli kupimwa, chuo, ushirika au mfanyabiashara, aulize mambo mawili: mmetumia kiyeyushi gani, na mabaki yake mnayapeleka wapi?