Kwa Nini Mbwa Wachanjwe Kila Mwaka? Somo la Vinasaba kutoka Pemba

Ndugu wanakamati na wafadhili, swali tunaloulizwa mara kwa mara katika vikao vya sharika, Kisanga na kwingineko, ni hili: mbwa walichanjwa mwaka juzi, kwa nini tutoe fedha tena? Ni swali la haki. Jibu la wazi kuliko yote tunayoyajua limetoka Pemba, na limepatikana kwa kusoma vinasaba vya virusi vya kichaa cha mbwa.

Kirusi hiki hubeba maandishi ya urithi yenye herufi zipatazo 12,000. Kinapopita kutoka mbwa hadi mbwa, herufi moja moja hubadilika. Ni kama kunakili barua kwa mkono: kosa la mwandishi wa kwanza hurithiwa na wote wanaonakili kutoka kwake. Kwa kulinganisha makosa hayo, maabara hutambua ni virusi gani ni vya ukoo mmoja. Sampuli hutolewa kwenye ubongo wa mnyama aliyekufa, na hiyo ni kazi ya mtaalamu wa mifugo, si ya mwanakamati mwenye kisu!

Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzao walifuatilia Pemba kuanzia 2010 hadi 2020. Pamoja na maabara, waliwafuata waliong'atwa na kuuliza mbwa alikuwa wa nani na alitoka wapi. Walikuta minyororo mitano ya maambukizi. Baada ya mbwa wa kisiwa kizima kuchanjwa kila mwaka, yote ilikatika kufikia Mei 2014.

Kisha chanjo ikalegalega. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukarudi. Je, ulikuwa umejificha kisiwani muda wote huo? Kama ndivyo, chanjo ya awali haikumaliza kazi. Vinasaba vilionyesha vingine: virusi viliingia upya kutoka nje, na si mara moja bali mara mbili. Chanjo ilikuwa imefanya kazi yake. Kilichokosekana ni kuiendeleza. Iliporudishwa kisiwa kizima, ugonjwa ulikoma Oktoba 2018.

Pemba imezungukwa na bahari. Kisanga haina bahari: mbwa hufuata mifugo, wengine hulinda mashamba, na barabara kuu ya kwenda Zambia inapita Mikumi. Zaidi ya hayo, mbwa waliochanjwa hufa na watoto wasiochanjwa huzaliwa, hivyo kinga ya kijiji hupungua hata kama hakuna mbwa mgeni.

Wafadhili watauliza gharama. Utafiti huo ulikadiria kwamba kuwachanja watu waliong'atwa hugharimu dola 256 kwa kila kifo kinachozuiwa; ikiongezwa chanjo ya mbwa ya kila mwaka, ni dola 1,657. Ya kwanza ni nafuu na ni ya lazima, lakini kumchanja mtu hakumzuii mbwa kumng'ata jirani yake. Chanjo ya mbwa ndiyo inayokata mnyororo.

Kwa hiyo tunaomba kila kamati iiweke katika bajeti ya kila mwaka, ikilenga angalau mbwa 7 kati ya 10, watoto wa mbwa wakiwemo. Na yeyote atakayeng'atwa, hata na mbwa wa nyumbani, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.