Mgeni Akaaye Kwetu
Somo: Walawi 19:33–34

Torati yatuagiza kumpenda mgeni kama nafsi zetu. Basi tuwasaidieje jamaa wahamiaji hapa Uingereza?

Kwanza, tusome kibali chao. Kikisema hawaruhusiwi fedha za umma, kuomba posho ya nyumba kwaweza kuwapotezea ukaazi.

Pili, tusiwatishe bure. Shule ya serikali kwa watoto na kuandikishwa kwa daktari wa mtaa havimo katika katazo hilo.

Tatu, tusijifanye mawakili. Kwa sheria ya mwaka 1999, kutoa ushauri wa uhamiaji bila idhini ni kosa. Tuwasindikize kwa mshauri aliyesajiliwa, wala wasitie sahihi fomu wasiyoielewa.

Tujiulize: juma hili tutamsindikiza nani?